Historia ya Minaki ianzie Kiungani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Shule ya Sekondari Minaki, Kisarawe, ambayo kila inapotajwa husimuliwa kana kwamba ilizaliwa papo hapo katika miaka ya 1920. Shule hiyo ilihamia pale ikiwa tayari na umri wa zaidi ya nusu karne.

Chanzo chake kiko Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alihamia Zanzibar baada ya kazi yao ya bonde la Mto Shire kushindikana, na Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Kutokana na hao kikakua Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini mwa mji. Watoto waliofuata, wengi wao Wayao, Wanyasa na Wamakua, hawakuulizwa kama wanataka shule wala dini, na anayeandika historia hii asilifiche jambo hilo. Lakini asifiche pia waliyoyafanya. Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani angali mtoto, alisoma Kiungani, akaenda kuhudumu Chitangali, kusini mwa Tanzania Bara ya leo, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri.

Kwa wasomaji wako kuna la karibu zaidi. Wavulana wa Kiungani walifundishwa uchapaji, wakipanga kwa mkono herufi za risasi moja baada ya nyingine, na mwaka 1888 likatoka hapo Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililobeba habari za vituo vya misheni kuanzia Magila hadi Masasi. Sisi tunaoandikia magazeti leo tumewazidi kwa mashine tu. Kazi yenyewe waliianza vijana wale.

Misheni ilipoona kwamba wanafunzi wake wengi wanatoka bara, chuo kikahamishiwa Minaki, kikaendelea kutoa walimu na watumishi hadi Sheria ya Elimu ya 1969 ilipofungua njia ya Serikali kuzitwaa shule za mashirika ya dini. Wako wanaoendelea kunung'unikia uamuzi huo. Binafsi naona ulikuwa wa haki, kwa sababu haikufaa taifa changa liwe na shule nzuri ambazo mtoto wa Kiislamu wa Kisarawe huzitazama akiwa nje ya uzio. Kasoro ni kwamba majengo yalipopata mmiliki mpya, hakuna aliyeona kuwa ni wajibu wake kuirithi kumbukumbu pia: Serikali iliiona kuwa ya Kanisa, na Kanisa likaona shule si yake tena.

Nyaraka hazijapotea. Sehemu kubwa ya karatasi za UMCA imehifadhiwa Oxford, Uingereza, na nyingine zimo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar. Naiomba Wizara ya Elimu ikae na Kanisa Anglikana, wapate nakala za kidijitali za karatasi zinazohusu Kiungani na Minaki, wazipeleke katika maktaba ya shule, na wamwombe mwalimu wa historia aanze nazo darasani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka rangi bweni moja, na wazee waliosoma pale kabla ya 1970, wanaoweza kutambua majina na picha, bado wanaweza kuulizwa.

Msomaji wako,
Kisarawe, Pwani