Barua kwa vijana wa gokati: mtu akupisha, we huna pa kupita, kosa la nani?

Wanangu, assalam aleikum na habari za huko mliko.

Mi ndo yule mzee wa kofia ya ukindu anaesimama kona ya tatu na bendera, mnaniita Babu Bendera nikigeuka mgongo na wala sijali. Naandika wazi mbele ya wote kwasababu lile la Jumamosi, kwenye mbio za gokati, hivi vigari vyetu vidogo, mlikuwepo wote, na tangu siku ile nasikia mmegawanyika, nusu wako na mwenye helmeti nyekundu nusu wako na kijana wa namba 7, na kila upande una video yake kwa simu ya kuonyesha kwamba mkosa ni yule mwengine.

Mi nilikuwa hatua kumi tu na pale. Mwekundu anaongoza, zimebaki raundi nne, anamkuta namba 7 ambae ashapitwa raundi moja, yaani kaachwa nyuma mzunguko mzima, na sasa anaenda kupitwa ya pili. Nikampungia mapema bendera ya bluu, ile ya kumwambia kuna mwenye mbio nyuma yake anataka kupita, akaiona, nimeona kichwa kikigeuka. Akatoka kwenye laini, ile njia ya haraka ambayo kila mtu anaifuata, kumpisha, akaingia upande wa ndani wa kona. Na mwekundu nae hakungoja aone jamaa anaelekea wapi, kaamua ni hukohuko ndani. Tairi likagusa tairi, mwekundu akapanda ukingo wa matairi, alokuwa wa pili akapita zake taratibu akachukua kikombe. Halafu watu na ndevu zao wakavua helmeti wakataka kutiana ngumi, huyu anapiga kelele "si ulionyeshwa bendera!", huyu nae "si nilikupisha!". Na wote wawili wanasema kweli, ugumu wake ndo huo.

Kabla sijamgusa mtu niseme langu. Miaka ya tisini huko nilikuwa nashindana autokrosi, mbio za magari kwenye vumbi, huko bara, na Datsun kuukuu ambayo ilikuwa inakula oili kuliko petroli. Mimi wa mwisho, kama kawaida yangu. Naangalia kioo naona taa kwenye vumbi, mkubwa anakuja, adabu ikanishika, nikasema nisiwe mimi wa kumharibia mtu siku yake, nikajitupa kulia. Kumbe yeye ashakata kulia zamani, kwasababu mimi nilikuwa kushoto na aliniona niko kushoto. Akaenda kulala ubavu mtaroni. Alhamdulillahi alitoka mzima, akanijia vumbi mpaka kwenye nyusi, hakutukana, kaniuliza neno moja tu, "Bwana, nani alokwambia uhame?" Mpaka leo sijapata jibu.

Na mimi nilibahatika. Zolder kule Ubelgiji tarehe 8 Mei 1982, kwenye Formula 1 (F1), mbio kubwa za magari za dunia, dakika za mwisho mwisho za kutafuta nafasi ya kuanzia, Gilles Villeneuve yuko fulu spidi kwenye Ferrari, mbele yake Jochen Mass anarudi taratibu na gari la March. Mass akamuona kwenye kioo, akahamia kulia ili amwachie laini nzuri ya kushoto. Villeneuve nae sekunde ileile akaamua kupita kulia. Ferrari ikapanda tairi la nyuma la March ikaruka hewani, Villeneuve akatupwa nje ya gari na usiku ule akafariki. Hakuna alokuwa na nia mbaya pale. Mass alikuwa anampisha! Naomba hilo mlitafune vizuri nyinyi mnaoenda polepole, maana nyie ndo mnadhani adabu ni kukimbia njiani kama kuku alosikia honi.

Mkienda Nairobi kwa basi usiku kaeni kiti cha mbele muangalie dereva na matrela baada ya Mariakani. Trela halitoki barabarani kukupisha, liende wapi na tani zote zile? Linakaa palepale lilipo, halafu dereva wake anakupa indiketa, ya kulia maana yake usijaribu kuna kitu kinakuja, ya kushoto maana yake haya pita. Wa nyuma ndo anahama, wa mbele anatulia na kusema. Sasa gokati haina indiketa, kitu pekee unachosemea ni mwendo wako na laini yako, kwahiyo ukivibadilisha ghafla umemwambia mtu uongo, hata kama moyoni ulikuwa na heshima tele.

Na usikanyage breki kwenye laini! Hili nalo naliona kila wiki. Mtu anaona bluu anaogopa, anaachia mafuta palepale katikati ya njia, anadhani kapisha. Spa, Ubelgiji hukohuko, F1 ya 1998, mvua ya ajabu, Michael Schumacher anaongoza mbali kabisa, anaenda kumpita David Coulthard raundi. Coulthard ameambiwa na timu ampishe, nae kweli kapunguza, ila kapunguza akiwa bado kwenye laini, ndani ya moshi wa maji ambao wa nyuma haoni hata taa. Schumacher akamvaa kwa nyuma, akarudi piti, pale mafundi wanapohudumia magari, na magurudumu matatu, akashuka akaenda kwa miguu mpaka gereji ya McLaren, timu ya Coulthard, watu wakamshika. Akimshutumu mwenzie kwamba alitaka kumuua. Waamuzi hawakumwadhibu yeyote. Coulthard mwenyewe ilichukua miaka ndo akakubali hadharani kwamba pale hakutakiwa kupunguza kwenye laini. Damon Hill alikwenda kushinda, ushindi wa kwanza wa timu ya Jordan, kwahiyo kuna watu mvua ile iliwanyeshea baraka.

Kwahiyo wa polepole, fanya hivi: ukiona bluu usifanye kitu chochote kipya kwenye kona. Maliza kona yako kama ulivyoianza. Ukitoka, kwenye sehemu iliyonyooka, chagua upande mmoja mapema, kaa huko, punguza kidogo kwa mguu laini, mkono ukipata nafasi uonyeshe upande wa kupita. Mtu akishapita rudi kwenye shughuli zako. Na usisahau wa pili wake yuko nyuma yake, wengi mnampisha mmoja mnarudi kwenye laini mnamkuta mwengine usoni.

Haya, sasa niwageukie wenye mbio, na msinune, maana mkilaumu mnalaumu sana.

Mnaniambia Babu, sheria iko upande wetu, bendera ya bluu ni amri. Ni kweli kwenye Formula 1, alopitwa lazima apishe nafasi ya kwanza anayoipata, akikaidi anakula penalti. Lakini hiyo ni sheria ya nyumba ile. Nendeni Le Mans kule Ufaransa, mbio za masaa 24, magari makubwa na madogo yako pamoja njia moja usiku na mchana, kule bendera ya bluu ni kama kuambiwa "jua kuna mtu nyuma yako", mwenye gari la pole anatakiwa ashike laini yake tu asimzibie mtu, na kazi ya kutafuta njia ni ya mwenye mbio. Na hata kwa hao mabingwa inawashinda. Mwaka 2011 Audi walipoteza magari mawili kati ya matatu kwa ajili ya hilihili, saa ya kwanza tu Allan McNish aligusana na Ferrari ndogo gari likapaa kwenye vizuizi mpaka wapiga picha wakawa wanakimbia, halafu usiku ukaingia Mike Rockenfeller nae akagusana na Ferrari nyengine pale penye spidi kubwa, gari likabaki vipande. Wote wawili walitoka wazima, sijui hata nisemeje. Yule wa Ferrari ya usiku alitolewa mashindanoni. Gari la tatu la Audi lilopona ndo lilishinda, kwa sekunde kumi na tatu na kidogo baada ya masaa 24. Sasa niambieni, kumngojea mtu kona moja ni sekunde ngapi?

Hapo ndo pananiuma kwa mwekundu wetu. Mwanangu alikuwa mbele kwa mbali. Angengoja kona ya tatu imalizike angepita kwenye kinyoosho bila hata kuomba.

Ayrton Senna, dereva wa McLaren kwenye F1, nae hakungoja. Monza kule Italia, Septemba 1988, McLaren wameshinda kila shindano la mwaka ule, zimebaki raundi mbili Senna aongezee lengine, anamkuta Jean-Louis Schlesser kwenye Williams. Schlesser kaazimwa tu siku ile kwasababu Nigel Mansell ni mgonjwa, kesho yake anatimiza miaka 40, na ni shindano lake la kwanza la ubingwa wa dunia wa F1. Mzee kaona anakuja mkubwa, kashika breki mpaka matairi yakafunga, akaenda pembeni kabisa karibu na changarawe. Senna akaona njia nyeupe akakata kona kama vile hakuna mtu. Lakini mtu yupo, anarudi kutoka kule pembeni, hana pengine pa kwenda! Wakagongana, Senna akabaki amekwama juu ya ukingo, na Ferrari mbili za Berger na Alboreto zikamaliza moja na mbili pale Italia, chini ya mwezi tangu azikwe Enzo Ferrari. McLaren mwaka ule walishinda 15 kati ya 16. Hiyo moja ndo hiyo. Watu wakamcheka sana Schlesser, na ndo huyohuyo baadae alikuja kushinda Dakar, zile mbio ndefu za jangwani, mara mbili, 1999 na 2000, kwahiyo kucheka nako mtu achunge.

Mnalaumu Schlesser? Laumuni, kwa sheria mnaweza. Lakini kikombe alikikosa nani?

Na dunia inazunguka, angalieni Interlagos, Brazil. Mwaka 2001 Juan Pablo Montoya, mgeni kabisa, anaongoza, ametoka tu kumpita raundi Jos Verstappen, wakafika penye breki Jos akamvaa kwa nyuma, kwisha. Miaka 17 baadae, Novemba 2018, uwanja uleule, sasa anaongoza mtoto wa Jos, Max, na alopitwa raundi ni Esteban Ocon. Ocon ana tairi mpya, wakati ule ana mbio kuliko Max, na sheria inamruhusu mtu kujirudishia raundi yake kama mwendo anao, sio kosa. Kosa ni kwamba alipigana nae kama vile wanagombea nafasi, na Max nae akafunga mlango kama vile wanagombea nafasi. Wakagusana, Max akazunguka. Ocon alipewa adhabu ya kusimama sekunde 10, yaani waamuzi walisema wewe ndo mkosa, na bado Hamilton alishinda na Max akawa wa pili. Halafu Max akaenda kumsukuma Ocon pale wanapopimwa uzito, nae akapewa siku mbili za kazi za kijamii. Alikuwa na haki yote mkononi mpaka alipoutumia huo mkono.

Kwahiyo jibu langu la Jumamosi, mkitaka penalti, ntampa namba 7, alihama ndani ya kona. Lakini uzembe mkubwa naona ni wa mwekundu, kwasababu yeye ndo alikuwa anaona kila kitu mbele yake, mwenzie anaangalia kwa kugeuza shingo, na yeye ndo alikuwa na kitu cha kupoteza. Najua hamtapenda, nyote wawili, basi sawa.

Lengine dogo. Lile neno "kokoto" mnalowaita wa nyuma siku hizi mliache. Fernando Alonso mwaka wake wa kwanza F1, 2001, alikuwa kwenye Minardi, mwaka mzima anapigiwa bluu, pointi sifuri. 2005 na 2006 ni bingwa wa dunia. Gari ndo lilikuwa la pole. Na hapa kwetu gari tunapeana kwa kuokota karatasi kwenye kofia yangu, kwahiyo yeyote anaweza kupewa namba 7.

Ndo maana Jumamosi hii hao wawili hawaokoti karatasi. Mwekundu atakaa namba 7, na namba 7 atakaa lile la mwekundu, raundi kumi na tano, nimeshaongea na fundi. We ulokuwa na gari namba 7 wiki iliyopita mtafute mwenzio mapema kabla hajavaa helmeti umwambie kwamba ekseli yake imepinda, ukikanyaga breki linavuta lenyewe kuingia ndani. Mimi mwenyewe nimejua jana fundi aliponionyesha, we nadhani ulijua toka raundi ya kwanza na hukuulizwa.