Tuandikieni pia habari za majimbo na miji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila msimu wa uchaguzi unapowadia huku Marekani, ambako wasomaji wako wengi tunaweza kusimulia kila kauli ya wagombea urais, ilhali hatumjui hata kwa jina diwani anayeomba kura katika kata yetu.

Nilipopiga kura kwa mara ya kwanza hapa Chicago nilikuwa nimejiandaa kwa nafasi moja tu, ile ya juu kabisa. Chini yake nikakuta wagombea wa bunge la jimbo, wa kaunti, kisha orodha ndefu ya majaji ambao mpigakura huulizwa iwapo waendelee na kazi. Karatasi ile niliirudisha ikiwa tupu kwa sehemu kubwa, na jambo hilo bado linaniuma, kwa kuwa jaji wa Illinois hubaki kazini akipata angalau asilimia 60 ya kura za ndiyo, na yeye ndiye anayeweza kusikiliza kesi ya mpangaji anayefukuzwa nyumbani.

Tena, asiyefuatilia hupitwa na tarehe. Meya wa Chicago na madiwani wa kata zote 50 hawachaguliwi Novemba. Mwaka 2023 duru ya kwanza ilifanyika Februari 28, meya aliyekuwa madarakani akashika nafasi ya tatu, na mshindi akapatikana katika duru ya pili Aprili 4. Virginia na New Jersey nazo huchagua magavana wao mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa rais, wakati wengi wetu tumekwisha kuacha kusoma habari za siasa.

Wapo wanaosema kura moja katika chaguzi hizi ndogo haina uzito. Nawakumbusha uchaguzi wa baraza la wawakilishi la Virginia wa mwaka 2017, ambapo wagombea wawili wa kiti kimoja walitambuliwa kuwa na kura 11,608 kila mmoja. Mshindi alipatikana Januari 2018 kwa jina kuchotwa kutoka katika bakuli, na kwa jina hilo chama chake kikabaki na viti 51 kati ya 100. Mtu mmoja tu aliyebaki nyumbani siku ile angeweza kubadili hali ya baraza zima.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lichapishe mapema, kwa Kiswahili chepesi, siku za mwisho za kujiandikisha, tarehe za kura za mchujo ambazo vyama hupatia wagombea wao, na maelezo ya kazi za seneta wa jimbo, diwani na mjumbe wa bodi ya shule. Nafasi ikiwa finyu, anzeni na mchujo, kwani katika maeneo mengi ya uchaguzi mshindi hujulikana hapo.

Msomaji wako,
Chicago, Illinois