Somo yangu, nenda Ngamiani kabla ya Ijumaa

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Somo yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Najua nina deni la barua na deni la simu, na khanga zako za Idi bado ziko kabatini kwangu. Nisamehe. Watoto hawajambo? Mguu wa Bi Kidawa unaendeleaje? Sisi huku wazima, mvua imetuachia tope mpaka mlangoni, lakini wazima. Nimeandika kwenye karatasi badala ya kukupigia kwa sababu maneno ni mengi, na nataka uwe na kitu cha kushika mkononi ukikaa na mama. Baba Hawa ataipakia kwenye basi la alfajiri, mchana utakuwa nayo.

Jambo lenyewe ni Zuhura na dawa zake za lupusi. Alikuja huko Tanga kumsalimia mama siku tatu, leo ni ya tisa. Jana kanipigia kwa kunong'ona, yuko uani: mama kamnyang'anya dawa kazifungia sandukuni. Anasema zimemvimbisha mtoto uso, na Ijumaa anampeleka Pangani kwa yule mzee aliyemtibu marehemu mjomba. Zuhura kabakiwa na vidonge vya siku nne tu, alikuwa ameviweka kwenye pochi. Siku nne, somo. Ukianza kuhesabu kesho, Alhamisi vimekwisha.

Nakuomba uende wewe. Mimi nikisema mama analia, kisha ananikumbusha kwamba mtoto aliondoka Tanga mzima na ni Dar alikougulia. Wewe anakusikia tangu ulipomuuguza alipopasuliwa jicho.

Anza na huo uso, maana ndio uliomtisha. Ni prednisoloni, moja ya dawa zake. Ikitumika kwa dozi kubwa uso hujaa ukawa wa mviringo, njaa huzidi, sukari na presha huweza kupanda. Daktari alitueleza siku ya kwanza kabisa, na dozi ikishuka uso nao hurudi taratibu. Lakini mwenye kuishusha dozi ni daktari, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. Mwili ukishazoea kidonge hicho, tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya namna hiyo, hulala. Ukikata ghafla unazikuta hazijaamka: mtu hutapika, nguvu humwisha, presha huanguka, na anaweza kufa. Hili mama alisikie kabla ya yote. Hata akikataa kila kitu kingine nilichoandika humu, kidonge hicho kisikatwe.

Jingine analosema ni kwamba wamempa mtoto klorokwini, dawa iliyokwisha kuondolewa. Hapo kumbukumbu yake ni nzuri: klorokwini iliachwa kama dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilishaizoea. Anayomeza Zuhura ni haidroksiklorokwini, ndugu yake, na hapewi kwa ajili ya malaria. Inatuliza kinga ya mwili. Daktari alisema hii ataendelea nayo hata akijisikia mzima kabisa, kwa sababu ndiyo inayozuia ugonjwa usilipuke tena na inasaidia kulinda figo. Kinachotakiwa ni kupimwa macho, maana ikitumika miaka mingi inaweza kudhuru sehemu ya ndani ya jicho. Mwambie mama hilo la macho pia, usimfiche. Akijua tumemwambia na ubaya wake, ataamini na wema wake.

Sijui nani kamwambia kwamba lupusi maana yake ni mbwa mwitu. Nahisi ni Jumbe na simu yake. Basi mama akaona amepata ushahidi: mtoto katumiwa kitu. Neno ni la Kilatini, na kweli maana yake ndiyo hiyo, lakini matabibu wa zamani wa Ulaya waliliita hivyo kwa sababu vidonda vya usoni waliviona kama mahali palipong'atwa na mnyama. Hakuna aliyetuma chochote. Mimi nikimfikiria mbwa, namwona yule wa kulinda nyumba ambaye siku moja hamtambui mwenye nyumba. Kinga ya mwili wa Zuhura mwenyewe ndiyo inayomshambulia, viungo, ngozi, damu, figo. Ndiyo maana zile chupa za kuongeza kinga anazouziwa mama sokoni zinanitia hofu kuliko hata safari ya Pangani. Kinga ya Zuhura haihitaji kuchochewa. Na mizizi isiyojulikana ndani ya figo ambazo tayari zimejeruhiwa, hapana, somo, hapana.

Unakumbuka alivyokuwa mwaka jana? Asubuhi vidole havikunjiki mpaka jua lipande. Nywele zinabaki kwenye kitana. Homa inakuja, inaondoka. Zahanati ya kwanza malaria, ya pili taifodi, ya tatu tukaambiwa maambukizi ya njia ya mkojo, na kila mahali diklofenaki ya maumivu, dawa ambayo nayo si rafiki wa figo. Upele ukamtoka mashavuni ukavuka pua, kama kipepeo aliyetandaza mbawa, na pale sokoni Karume anakouza mitumba wateja wakasema mkorogo umemuunguza. Zuhura hajapaka mkorogo hata siku moja! Tukahangaika na upele na viungo, kumbe hatari ilikuwa pasipouma. Mkojo ulikuwa na povu, lile la kukaa lisitoweke, na jioni miguu inajaa. Figo huharibika kimya. Tulipofika Muhimbili protini ilikuwa tele kwenye mkojo na presha 160 kwa 100, msichana wa miaka 24. Wakamtoa kinyama kidogo cha figo kwa sindano wakakipima. Karibu nusu ya wenye lupusi figo zao huguswa, na kwetu sisi watu weusi hutokea zaidi na kwa ukali zaidi. Zikifa kabisa ni kusafishwa damu kwa mashine, kila wiki unakwenda na kurudi, au kupandikizwa. Zake hazijafika huko. Zinaokoka, kama dawa hazikatwi.

Sasa nije kwenye lile linalonila mimi. Ni mimi niliyemleta Dar. Ni mimi niliyemtafutia ile meza ya mitumba, juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Nilimuuliza daktari huku machozi yananitoka kama jua lile ndilo lililomletea ugonjwa. Akasema jua peke yake halimpi mtu lupusi, ila huiamsha kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa tayari una njia yake, na ikishaamka huichochea. Akauliza kama anavuta sigara, kwani sigara nayo huongeza hatari. Akauliza kama amewahi kumeza isoniazidi ya kifua kikuu au haidralazini ya presha, maana dawa kama hizo zinaweza kuleta lupusi ya aina yake, ambayo mara nyingi huisha ukiziacha. Zote hapana. Akasema hakuna sababu moja ya kunyooshea kidole. Kati ya wagonjwa kumi, tisa ni wanawake, wengi huanza kati ya miaka 15 na 44, miaka ile ile ya kuzaa, na homoni za kike zinadhaniwa kuwa na mkono wake. Marekani, walikohesabu, wanawake weusi huugua mara mbili hadi tatu kuliko weupe. Kisha akauliza habari za ukoo, na hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi Mwanakombo.

Mimba tatu ziliharibika, mguu mmoja ukavimba, akafa ghafla hajafika hata miaka 35. Nyumbani tuliambiwa ni jini. Daktari hakusema shangazi aliugua nini, hakumpima. Alisema tu kwamba baadhi ya wenye lupusi wana kingamwili zinazoifanya damu igande ovyo, na huko hutoka mimba kuharibika, mguu kuvimba, kiharusi. Zuhura alipimwa, hana. Nilimshukuru Mungu pale pale kwenye korido. Lakini nakusihi, habari ya shangazi usiifungue mbele ya mama. Atasema alijua tangu zamani kwamba ni upande wa baba, na kesi itaanza upya. Ukoo huongeza uwezekano tu. Ndugu wengi wa mgonjwa hawaugui maisha yao yote, na hata mapacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akazeeka mzima. Nilitaka na mimi nipimwe siku ile ile. Nikaambiwa kwa kuwa sina dalili nisihangaike, kile kipimo cha kwanza cha damu huonyesha ndiyo hata kwa watu wengi wazima, ningerudi na hofu isiyo na ugonjwa.

Kwa hiyo jua si mchawi, na mimi… Nalijua hilo mchana. Usiku naiona ile meza.

Mama akikubali, na naamini kwako atakubali, kuna mambo ya nyumbani. Zuhura akipata homa asipewe dawa ya malaria kwa kukisia. Prednisoloni inapunguza nguvu ya kupigana na vijidudu, homa ndogo kwake si ndogo, aende hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo na aseme dawa anazotumia. Duka la dawa wakimpa septrini akatae, dawa za jamii ya salfa zinaweza kuuamsha ugonjwa. Akitoka mchana awe na mwavuli na mikono mirefu, hata kukiwa na mawingu. Chumvi mezani ipungue, mama na ule mkono wake wa chumvi unamjua. Na mkojo upimwe protini kabla hajarudi huku.

Kuna Salumu pia. Anakuja kila Jumapili na machungwa, anakaa barazani, hasemi neno. Wiki mbili zilizopita akaniuliza kama Zuhura ataweza kuzaa, na kama ugonjwa unaambukiza. Hauambukizi, kwa lolote. Kuzaa anaweza, ila kwa mpango: ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, na mikofenoleti anayotumia kwa ajili ya figo ibadilishwe kabla ya mimba kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Asishike mimba kwa bahati. Salumu kaitikia kwa kichwa, akamenya chungwa, akampa Zuhura. Nilimpenda siku ile.

Nimekuchosha. Nijibu haya: unaweza kwenda kesho hiyo hiyo jioni, au keshokutwa baada ya alfajiri? Utakwenda na Bi Kidawa, au uwepo wake utamfanya mama abishe zaidi? Uso wa Zuhura unauonaje wewe, na miguu je, ukibonyeza kwa kidole inabaki shimo? Analala? Anakula? Mama amekwisha lipa chochote kule Pangani, na kama amelipa ni kiasi gani, nimrudishie kimya kimya asione amepata hasara? Na wewe mwenyewe, yale maumivu ya viganja uliyoniambia mwezi wa Ramadhani yaliisha, au ulikaa kimya tu?

Nimepewa ruhusa kazini Jumamosi, nitapanda basi la kwanza. Kama mama atalifungua lile sanduku kabla sijafika, nitumie ujumbe wa neno moja tu, hata saa nane za usiku. Simu nitaiweka chini ya mto.

Somo yako,
Mwanaidi