Kwa wauguzi na wafamasia vijana wa wodi za saratani ya watoto

Wanangu,

Nimestaafu, lakini hesabu ya vinkristini, dawa ya saratani, bado naifanya kichwani nikisubiri daladala. Nasikia siku hizi simu ndiyo inakokotoa eneo la ngozi ya mwili wa mtoto, lile tunalopimia dozi. Sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na namba mnazoilisha.

Kanuni ya Mosteller ya mwaka 1987 ya kupata eneo hilo ni nyepesi: zidisha urefu wa sentimita kwa uzito wa kilo, gawanya kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa sentimita 100 na kilo 16 anapata 1600 gawanya kwa 3600, yaani 0.44, kipeuo chake ni mita ya mraba 0.67. Akiandikiwa vinkristini miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba, anapata miligramu 1. Ukisahau kipeuo utampa theluthi mbili tu ya dawa yake, na uvimbe utashukuru. Kosa hilohilo kwa mtu mzima huzidisha dozi, kwa hiyo msijizoeze kudhani kwamba likitokea litaelekea upande mmoja tu.

Sasa niwaambie langu. Alikuja mtoto na saratani ya Burkitt, tumbo limejaa kama ngoma, kilo 20. Baada ya dawa za mwanzo tumbo likanywea. Siku ya mzunguko wa dawa uliofuata wodi ilikuwa imefurika, nami nikanakili kilo 20 kutoka ukurasa wa nyuma wa faili. Mfamasia, mzee mmoja mpole, akarudisha karatasi dirishani: "Sista, huyu kapimwa lini?" Tukampandisha kwenye mizani. Kilo 16. Nilikuwa nimeandika miligramu 1.12 badala ya 1, na vinkristini haikuwa dawa pekee kwenye karatasi ile. Kila moja ilikuwa imezidi kwa uwiano huohuo. Usiku ule sikulala.

Basi pimeni wenyewe, kila mzunguko. Mizani isome sifuri kabla mtoto hajapanda. Viatu vivuliwe, na kanga aliyofungiwa iwekwe kando. Aliye chini ya miaka miwili alazwe apimwe urefu, mkubwa asimame visigino vikigusa ubao. Mafundo ya nywele nayo! Mama ataguna, ametoka kusuka jana, lakini fundo linaongeza sentimita, na ubao ukilikalia juu unampima msusi. Msimuulize mama urefu wa mtoto. Atawajibu kwa adabu, namba yoyote.

Mizani ya paundi ikiwapo wodini, iondoeni kabisa: kilo 16 zikisomwa 35, dozi inapanda kwa karibu nusu.

Wachanga wana njia yao. Miongozo mingi humtoa kwenye mita ya mraba mtoto wa chini ya kilo 10 au mwaka mmoja, ikampa dozi kwa kilo: ile ya mita ya mraba hugawanywa kwa 30. Someni mwongozo wa wodi yenu kabla hamjagusa kikokotoo.

Na wakokotoe watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, bila kuchunguliana. Mkitofautiana, msipatane katikati. Rudini kwenye mizani, hata kama daktari amesimama mlangoni anaangalia saa.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu