Jina la Mskoti liko kwenye jiwe, la babu yetu je?

Mhariri,

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, kazi yangu kubeba watu si kuandika barua, lakini hii imenikaa kooni wacha niiteme. Juzi nilimbeba mzee mmoja Mskoti mpaka mnara wa Vasco da Gama, na pale badala ya kupiga picha kama wengine akakaa chini akatoa faili. Kumbe ni mambo ya kaka wa babu yake, kijana wa miaka 19, jina limechongwa kwenye jiwe la mashujaa kijijini kwao na mzee amelipita tangu utotoni bila kujua ni nani haswa. Sasa amestaafu ndo akaanza kumtafuta.

Na amempata. Akanionyesha karatasi moja moja, sensa ya 1911 kijana yuko pale na mama yake na wadogo zake, cheti cha kuzaliwa (manake Scotland wanasajili watoto tangu 1855, hebu fikiria), namba ya jeshi, kikosi cha Seaforth Highlanders, na siku aliyokufa, 25 Septemba 1915, siku ya kwanza ya mapigano ya Loos kule Ufaransa, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwili haukuonekana lakini jina liko ukutani Loos na mengine zaidi ya 20,000. Kinachomuuma ni faili la kijana mwenyewe, liliungua London 1940 mabomu ya Wajerumani yalipopiga stoo ya karatasi za jeshi, kwa hivyo hajui alikuwa mtu wa aina gani, mcheshi, mkimya, hajui.

Nikamwambia mzee, kwetu ni kinyume. Baba wa babu yangu alikuwa mgema huko Ganda, mnazi wake mmoja bado umesimama na vidato alivyokata vya kupandia unaviona. Twajua alikuwa na mdomo, twajua shemeji yake alikuwa akimdai mbuzi wawili. Kisha akachukuliwa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza kwenye vita hivyo hivyo, hakurudi. Basi, hakuna tarehe, hakuna kaburi. Wazee wanasema ni baada ya vita vya Mekatilili, Wagiriama walipomkataa Mwingereza, na hilo laingia akilini, manake Wagiriama 1914 walitozwa faini rupia 100,000 na juu yake watoe vibarua 1,000. Waliopelekwa upagazi wakabebeshwa mizigo mpaka huko kwa Mjerumani (Tanzania bara ya leo), ambako wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa malaria na kuhara damu kuliko risasi.

Pale Mombasa kuna sanamu za askari, imeandikwa mpaka kwa Kiswahili kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sasa mguu una jina? Na tume yenyewe ya Uingereza ya makaburi ya vita ilikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mskoti akageuza karatasi ya sensa akasema nipe jina la babu yako niliandike. Nikamtajia. Akauliza linaandikwaje, kwa z au kwa dz? Nikanyamaza Mhariri, manake sijawahi kuliona limeandikwa popote.

Ombi langu ni kwa makumbusho yetu hapa Malindi, wekeni daftari tu mezani, si lazima mnara wa mamilioni, kila ukoo uje uandike mtu wake aliyeenda Kariakoo, na machifu wa Ganda mpaka Magarini watangaze kwenye baraza. Lamu nao nadhani wana wao.

Jina la babu sijaliandika hapa makusudi. Hawe wangu, yaani nyanya yangu, ana miaka 88, alisimuliwa haya na mama mkwe wake, yaani mke wa huyo mpagazi mwenyewe. Jumapili naenda na simu nimrekodi, na swali la kwanza ni hilo la z au dz.

Dereva wa tuktuk,
Malindi