Malalamiko kuhusu chumba mlichotulipisha Bengaluru

Bengaluru, Karnataka,
India.
14 Juni 2024

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uwakala wa Vyuo vya Nje,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALAZI YA BENGALURU NA MADAI YA SHILINGI 1,410,000

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mmoja wa wanafunzi mliowaleta India Agosti 2023. Jambo hili nimekaa nalo miezi kumi. Nimepiga simu, nimetuma ujumbe, na baba yangu amefunga safari mara mbili kwa basi kutoka Muheza hadi ofisini kwenu, akaambiwa mara zote mbili kwamba mhusika ametoka. Nilikuwa nimeshaamua kuliacha. Kilichonirudisha ni kijitabu chenu kipya. Binamu yangu, ambaye naye anajiandaa kuja huku Agosti hii, alikipiga picha akanitumia wiki iliyopita. Ukurasa wa mwisho kuna chumba chenye kitanda kimoja, meza ya kusomea na pazia la njano, na chini yake mmeandika "hatua chache kutoka chuoni". Ni picha ileile mliyonionyesha mimi mwaka jana. Chumba chenyewe sijawahi kukitia machoni.

Nianze na fedha. Julai 2023 baba alilipa ofisini kwenu shilingi 1,800,000 za malazi peke yake, mbali na ada yenu ya huduma. Risiti ipo. Mchanganuo mliuandika wenyewe: chumba cha mtu mmoja chenye jiko, rupia 12,000 kwa mwezi, dhamana ya miezi miwili, rupia 24,000, kodi ya miezi mitatu ya mwanzo, rupia 36,000. Jumla rupia 60,000, kwa hesabu ya shilingi 30 kwa rupia moja. Baba ni mwalimu mstaafu, na hizo zilikuwa fedha za machungwa ya msimu mzima. Hakuomba punguzo, kwa sababu mlimwambia binti yake atafikia mahali salama, na hilo ndilo alilokuwa analinunua.

Nilitua usiku wa Jumamosi, tarehe 12 Agosti. Dereva mliyemtuma alinipeleka Marathahalli, mtaa ulio mbali na chuo. Chuo changu kiko upande wa barabara ya Hennur. Anayeujua mji huu ataelewa bila kuelezwa zaidi, lakini nawaeleza ninyi kwa kuwa naamini hakuna mtu wenu aliyewahi kuipita njia hiyo asubuhi. Ni basi la barabara ya mzunguko, upite foleni ya KR Puram na Tin Factory, ushuke Hennur, kisha utafute usafiri mwingine. Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikachelewa kipindi cha saa tatu. Wanawake wa Karnataka hupanda mabasi ya kawaida bure tangu Juni 2023, ila lazima uonyeshe kitambulisho cha ukazi wa jimbo, kwa hiyo mgeni kama mimi hulipa kila anapopanda.

Mahali penyewe palikuwa PG, yaani nyumba ya malazi ya kulipia kitanda na chakula, kama zilivyo nyingi sana Marathahalli. Chumba kilikuwa na vitanda vinne, watatu wameshaingia. Jiko hakuna. Pale mapokezi ukutani pamebandikwa bei: chumba cha watu wanne, rupia 6,500 kwa mtu kwa mwezi, pamoja na chakula. Nilidhani dereva amekosea nyumba. Nikawapigia, mkanijibu nivumilie siku mbili tatu, chumba changu kinapakwa rangi.

Jumatatu nilimwomba mwenye PG anijazie Fomu C, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Ninyi ni wakala wa wanafunzi, kwa hiyo hili mnapaswa kulijua kuliko mimi: anayempokea mgeni wa nje anatakiwa kumripoti kwa fomu hiyo mtandaoni ndani ya saa 24, na mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujiandikisha FRRO, yaani ofisi ya kuandikisha wageni wa nje, ndani ya siku 14 tangu afike. Kujiandikisha kunadai uthibitisho wa mahali unapokaa. Yule mzee akaniambia yeye hapokei wageni wa nje, hana akaunti ya kujazia fomu hiyo, na wala hakuambiwa kwamba msichana anayekuja anatoka Afrika. Hakuwa mtu mbaya, na napenda niliseme hilo. Alikuwa mkweli kuliko ninyi. Alinifungulia kitabu chake cha risiti nikajionea: alichopokea kutoka kwenu kwa ajili yangu ni rupia 13,000, kodi ya mwezi mmoja na dhamana ya mwezi mmoja. Nimepiga picha ukurasa huo na nimeuambatanisha.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Chumba mlichosema kinapakwa rangi hakikutajwa tena, na kuanzia tarehe 17 simu yenu haikupokelewa. Walioniokoa ni wanafunzi Watanzania waliotangulia, ambao hawakunijua wala hawakulipwa na mtu. Kila jioni baada ya vipindi walizunguka nami Banaswadi, Kalyan Nagar na Kammanahalli, tukisoma vibao vya kupangisha vilivyofungwa getini. Nyumba moja walituuliza kwenye simu kama tunapika nyama. Tukasema ndiyo, wakakata. Nyingine walitukaribisha vizuri kwenye simu, tulipofika mlangoni wakasema imeshachukuliwa, na kibao kilikuwa bado kinaning'inia siku ya tatu yake. Mzazi yeyote wa Kitanzania anayefuatilia habari anakumbuka Januari 2016, mwanafunzi mwenzetu wa kike alipovamiwa na kundi la watu katika mji huuhuu. Mama yangu alikuwa anaikumbuka. Siku zile alikuwa hapati usingizi, ananipigia kila nikichelewa kurudi.

Tarehe 23 Agosti tulipata nyumba ya vyumba viwili Kammanahalli, wasichana watatu, kodi rupia 18,000. Mwenye nyumba ameshazoea wapangaji kutoka Afrika na alijaza Fomu C jioni ileile. Lakini alitaka advansi, yaani dhamana, ya miezi kumi. Tukambembeleza mpaka akashuka hadi mitano, rupia 90,000, kila mmoja 30,000. Hii ndiyo desturi ya Bengaluru. Mwaka 2021 serikali kuu ya India ilipitisha sheria ya mfano inayoweka kikomo cha dhamana ya miezi miwili kwa nyumba za kuishi, ila imeachiwa kila jimbo kuamua kama litaifuata, na huku mtaani bado unaombwa miezi mitano, sita, hata kumi. Mzazi anayepangiwa bajeti ya miezi miwili na wakala anayejiita mzoefu anaingizwa shimoni. Baba alikopa VICOBA. Hadi leo analipa.

Madai yangu nimeyafanya kwa haki. Mwenye PG alinirudishia dhamana yote, rupia 6,500. Kodi ya mwezi ule siwadai, kwa kuwa nililala pale siku kumi na moja. Ninachodai ni fedha ambazo hamkumlipa mtu yeyote kwa ajili yangu: rupia 60,000 mlizopokea, toa 13,000 mlizozituma, zinabaki 47,000, sawa na shilingi 1,410,000 kwa kiwango chenu wenyewe. Mlipeni baba yangu, kwa namba iliyoko kwenye risiti, kabla ya tarehe 30 Juni 2024. Mkishindwa, risiti, picha na barua hii vitafika Tume ya Ushindani na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Jambo la pili linaniuma zaidi ya fedha. Iondoeni ile picha. Udahili na barua ya viza mlivishughulikia vizuri, na kazi hiyo naisifu. Malazi msiyauze mpaka mtu wenu asimame ndani ya chumba. Amuulize mwenye nyumba ana kwa ana kama anapokea mwanafunzi kutoka Afrika na kama atajaza Fomu C. Aulize maji yanatoka wapi pia, kwani Machi mwaka huu visima vilipokauka, waliokuwa na maji ya bomba kutoka mto Kaveri waliponea na waliotegemea visima walikuwa wananunua maji ya maboza. Amwandikie mzazi bei ya kweli, hata kama inatisha. Sisi tuliopo huku tuko tayari kuwasaidia kukagua nyumba bila malipo. Tulishasema hivyo kwa barua pepe mwezi Februari, na hatukujibiwa.

Binamu yangu bado hajalipa. Nimemwambia asubiri jibu lenu.

Wako mteja,

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili,
Bengaluru.

Viambatanisho: risiti ya malipo ya Julai 2023, mchanganuo wa malazi, picha ya kitabu cha risiti cha PG, picha ya ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha 2024.