Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa michezo: kabla rali haijarudi kwetu, leteni kamba na ambulansi

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kwako na kwa ofisi yako yote. Mimi ni fundi wa magari hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Barua ya karatasi nilishaileta ofisini kwenu, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, na mpaka leo hakuna aliyenijibu hata kwa simu, kwa hiyo nimeona niandike hapa mbele ya kila mtu maana subira yangu imefika mwisho.

Juzijuzi rali, mbio za magari, imepita kwenye mashamba ya miwa upande wetu wa Busoga na mtoto wa dada yangu amevunjika mguu. Yuko P7, darasa la saba, mwaka huu ndio anatakiwa kufanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu na wenzake, upande wa nje wa kona, na hapo ndipo watu wote walikuwa wamesimama kwa sababu ukiwa pale unaona gari likija kutoka mbali. Hakukuwa na mashali, yule msimamizi wa usalama njiani. Hakukuwa na kamba wala utepe, hata kijana mmoja mwenye firimbi hakuwepo. Gari likaingia kona na spidi kubwa, nyuma ikateleza, dereva akajitahidi kulirudisha ikashindikana, likapanda ukingo na kukikata kile kichuguu chini. Watoto wengine waliruka, wetu alichelewa.

Sasa sikiliza kilichofuata mheshimiwa, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi. Ambulansi ilikuwepo lakini iko mwanzo wa steji, kile kipande cha barabara cha kushindania, mbali huko, na steji imefungwa, na magari bado yanakuja moja baada ya jingine na vumbi limetanda huoni hata mkono wako. Hakuna aliyekuwa na redio ya kusema simamisheni mbio. Mama mmoja muuza mahindi akavua leso yake, tukavunja muwa vipande viwili tukamfunga mtoto mguu juu na chini, akapandishwa boda katikati ya watu wawili wakapita njia za ndani ya miwa mpaka barabara kubwa. Mtoto analia na pikipiki inaruka kwenye mashimo. Mimi nilikuwa nyuma nakimbia.

Mheshimiwa, mwaka uliopita ulikuja kwetu wewe mwenyewe. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alikuwepo, wazee walikuwepo na mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika. Ulisema kwa mdomo wako kwamba rali ikirudi kila kona mbaya itakuwa na mashali mwenye redio, vijana wa kijiji watafundishwa na kulipwa posho, na ambulansi itawekwa ndani ya steji. Tulikupigia makofi. Vijana waliandika majina na namba za simu kwenye daftari na hawakupigiwa na mtu. Lile daftari liko wapi?

Nataka ujue kwamba sikuandika haya kwa sababu nachukia rali. Wapo watakaosema huyu anataka mbio zifungwe, hapana, mimi rali naipenda kuliko mpira. Marehemu baba yangu alikuwa fundi pia na kwetu hadithi za magari ndizo zilikuwa hadithi za jioni. Alitusimulia ile rali ya Safari iliyoanza 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilipokuwa inakata Kenya, Uganda na Tanganyika, magari ya kawaida kabisa, Peugeot na Volkswagen, yanapita kwenye tope mchana na usiku. Mwaka 1963 walimaliza saba tu, na 1968 tena wakamaliza saba tu. Saba! Baadaye mambo ya siasa yakaharibika na mbio zikabaki upande wa Kenya.

Na Shekhar Mehta, yule aliyeshinda Safari mara tano, 1973 halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo, alizaliwa hapa Uganda kwenye familia ya wenye mashamba. Amin alipowafukuza Wahindi 1972 akahamia Kenya, na mwaka uliofuata tu akashinda na Datsun 240Z. Baba alikuwa akifika hapo ananyamaza kidogo halafu anasema, huyo alikuwa wetu. Sijui ni watoto wangapi wa Uganda leo wanalijua hilo.

Halafu tukapata ya kwetu wenyewe. Rali ya Pearl of Africa ilianza 1997 na ikaingia kwenye ubingwa wa Afrika. Mwaka 1999 Charles Muhangi akawa bingwa wa Afrika, Mganda, na Subaru. Mwaka 2011 Susan Muwonge akachukua ubingwa wa taifa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo hapa kwetu, na mimi nakumbuka wasichana wa Walukuba walivyoanza kuja gereji kuuliza gia inafanyaje kazi. Hii ni historia kubwa mheshimiwa, na Pearl sasa inakaribia miaka thelathini, najua sherehe itakuja na mabango yatachapishwa.

Lakini historia hiyohiyo ina makaburi. Riyaz Kurji alifia kwenye Pearl ya 2009, dereva mkubwa, ndani ya gari lenye vyuma vya kumkinga, amevaa kofia na mikanda. Kama dereva mwenye vyote hivyo anaweza kufa, mtoto mwenye ndala juu ya kichuguu ana nini cha kumkinga?

Na huko nje walishajifunza zamani. Mwaka 1986 kwenye rali ya Ureno watu walikuwa wanasimama barabarani kabisa, Ford RS200 ya Joaquim Santos ikaingia kwenye umati, watazamaji watatu wakafa na zaidi ya thelathini wakaumia. Mwezi Mei mwaka huohuo Henri Toivonen na navigeta wake Sergio Cresto wakaungua na gari lao kule Corsica. Wakubwa wa mchezo hawakusema ni bahati mbaya, yale magari ya Group B, yenye nguvu kupita kiasi, yalipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1987. Ni miaka mingi sana imepita na sisi bado tunasimama nje ya kona.

Niseme kama fundi. Gari la rali la siku hizi linavuta kwa magurudumu yote manne na lina tabo, kwenye marram kavu, barabara isiyo na lami, dereva analiingiza kona likiwa limelala ubavu makusudi. Likimshinda halirudi ndani, linakwenda nje, kama baiskeli yenye magunia ya mkaa ikikushinda kwenye mteremko wa kona. Kila dereva anajua, kila mashali anajua, ila mwananchi aliyekuja na mtoto wake mgongoni na rolex, chapati ya mayai, mkononi hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia. Anaona pale nje ndiyo pazuri. Na jambo jingine ni vumbi, magari yanaachiana dakika moja mbili, vumbi la kwanza halijatua watu wanadhani yameisha wanaanza kuvuka, na la pili ndio hilo. Watu hawajui kwamba lile gari la king'ora linalotangulia maana yake ni kaa mbali mpaka gari la mwisho la kufagia lipite. Haya yangeweza kusemwa redioni kwa Lusoga, Luganda na Kiswahili wiki nzima kabla ya mbio, msikitini yakasemwa, kanisani yakasemwa.

Na hao wananchi mnaowalaumu ndio haohao gari likipinduka wanakimbia kulisukuma lirudi barabarani dereva aendelee. Mikono mitupu, injini ina moto, mafuta yanavuja. Wanafanya hivyo kwa mapenzi tu, hawadai kitu. Baada ya ajali yetu ofisa mmoja alisema kwenye redio kwamba wananchi wa kule hawasikii. Banange, nani aliwaambia kitu wakakataa kusikia?

Mimi nadhani shida ni hela. Nadhani hela zinaishia kwenye mahema ya wageni, na mabango, na magari ya msafara, zikifika kwa mashali zimekauka. Inawezekana pia kila mtu anamtegemea mwenzake, waandaaji wanasema ni polisi, polisi wanasema ni waandaaji, wilaya inasema hatukuambiwa mapema. Lakini wewe ndiye uliyesimama uwanjani ukatuahidi, kwa hiyo nakuuliza wewe.

Sasa hali yetu. Dada yangu anauza mukene, dagaa, pale Masese, anaamka usiku. Mguu uliwekwa chuma, na chuma hicho hakikuja bure. Mimi nimeuza kompresa ya gereji, sasa mteja akija na tairi naomba upepo kwa jirani, na wengine wameshaanza kupitiliza moja kwa moja kwa jirani. Kijana analala kwenye mkeka amenyoosha mguu, wenzake wanafanya moku, mitihani ya majaribio, yeye anasoma madaftari ya kuazima, na juzi ameniuliza mjomba, watanibeba siku ya mtihani au? Nikamwambia nitakubeba mimi. Aliyekuja kutuona kutoka kwa waandaaji hakuna. Dereva peke yake ndiye aliyekuja, kijana wa watu, akakaa pale kwenye mkeka na mtoto, akalia. Huyo sina neno naye.

Nilikuwa nimeandika mambo mengi ya kudai, fidia, posho za mashali, barabara yetu iliyochimbwa na haijasawazishwa mpaka leo maji yanasimama, mkutano mwingine na wazee. Yote hayo nayataka bado. Lakini kama mengine yote ni magumu kwenu basi naomba hili peke yake, na nalirudia ili lisipotee: kamba upande wa nje wa kila kona, mtu mwenye redio pale, na ambulansi ndani ya steji. Kamba ya katani inauzwa sokoni Jinja. Vijana wa kushika kamba tunao, majina yao mnayo nyinyi kwenye daftari. Ambulansi tunajua mnazo kwa sababu tumeziona zimepaki mwanzo wa steji.

Kabla raundi nyingine haijaletwa kwenye miwa yetu, mwambie mwenyekiti wa LC1 ni nani atasimamia kona ile ya kichuguu, jina lake na simu yake. Tukilipata jina hilo vijana wataamka asubuhi na mapema kufunga kamba, na mimi nitakuwa nao.

Wako,
Fundi wa Walukuba, Jinja